Chuma cha Amana

Amana hurudi kama ilivyokwenda, na aliyevuka mpaka wa ruhusa hulipa. Sheria hii haikuandikwa ukutani popote katika Mji wa Kale wa Mombasa, wala hapakuwa na haja ya kuiandika. Mtoto aliyetumwa kwa jirani kuazima mbuzi ya kukunia nazi aliijua kabla hajajua kufunga shuka yake mwenyewe. Badawi, mshonaji wa kanzu mwenye duka lake hatua chache kutoka Ndia Kuu, aliijua kuliko wengi, kwa kuwa riziki yake yote ilikuwa nguo za watu wengine zilizolala chini ya paa lake.

Ndiyo maana siku ile motokaa ya Jamaldin ilipounguruma katika mwinuko utokao kivuko cha Likoni, na badala ya kupanda ikaanza kurudi nyuma polepole, jambo la kwanza lililomjia Badawi kichwani halikuwa maji yaliyokuwa yakimngoja kule chini. Lilikuwa ni sheria hiyo.

"Babake Mwanatumu," alisema mkewe, Mwanabaraka, aliyeketi kando yake, mkono mmoja umeshika buibui na wa pili umeshika mlango, "mbona twarudi tulikotoka?"

"Haturudi. Twapumzika."

"Na huu moshi nao wapumzika?"

Moshi ulikuwa ukipanda kutoka sakafuni, mkali, wenye harufu ya ukwato uliotiwa motoni. Badawi alivuta breki ya mkono kwa mikono yake yote miwili. Akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele kama inayopanda mlima, na magurudumu yasitikisike hata kidogo. Wapagazi waliokuwa kivukoni wakaja kusukuma, kila mmoja na shauri lake na kicheko chake. Mmoja aliuliza kama gari hili limeshonwa au limeundwa. Jasho lilikuwa limemshika Badawi shingoni, nalo halikutokana na jua.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na saba. Vita vilikuwa vimekwisha lakini uhaba ulikuwa haujakwisha, na mtu aliyeagiza kipande cha motokaa kutoka Ulaya alikingoja kama anavyongojwa msafiri asiyeandika barua. Jamaldin, mfanyabiashara wa karafuu na rafiki wa Badawi tangu walipokuwa wakichapwa kwa bakora moja katika chuo kimoja cha Kurani, alikuwa amekwenda Hija. Kabla ya kupanda meli alimwekea Badawi funguo mkononi, akamwambia, "Chombo kikikaa bure huota kutu. Iwashe kila Ijumaa, fika nayo Kizingo, urudi. Basi."

Neno lile la mwisho ndilo lililokuwa mpaka. Badawi aliuheshimu Ijumaa ya kwanza na ya pili. Ijumaa ya tatu alipita Kizingo akaenda mbele kidogo, kwa kuwa upepo ulikuwa mzuri. Kisha Ijumaa ikazaa Jumatatu, na Jumatatu ikazaa Jumatano. Alifika Makupa, akafika Kibarani, ambako hakuwa na jamaa wala mteja. Watoto walimkimbilia wakimwita tajiri, naye hakuwakanya. Sasa alikuwa ametoka Likoni, akiwa hana shughuli yoyote Likoni, na meli ya mahujaji ilitarajiwa kutia nanga Kilindini juma lililofuata.

Motokaa ilisukumwa hadi Mwembe Tayari, katika karakana ya mabati ya fundi Kavumbi. Kavumbi alikuwa Mkamba wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vyuma tangu ujana. Alikuwa amefanya kazi katika karakana za reli mpaka alipojipatia kerezo lake mwenyewe, ile mashine ya kuzungusha chuma na kukinyoa kwa patasi ngumu, naye akaacha mshahara akawa bwana wa nafsi yake. Jumapili alikuwa mwimbaji wa sauti nzito kanisani. Siku nyingine zote alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache, mengi yalikuwa ya kejeli.

Aliifungua motokaa tumbo, akashusha sanduku la gia, akatoa sahani ya klachi iliyokuwa imeungua ikawa nyeusi kama kaa. Kisha akalegeza bolti za nyuma ya injini, akatoa gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili, akalilaza juu ya meza yake ya kazi. Lilikuwa pana kama sinia ya watu watatu. Ukingoni mwake lilikuwa limevishwa pete ya chuma yenye meno, yale yanayoshikwa na stata wakati wa kuwasha injini. Uso wake, ambao ulipaswa kung'aa kama kioo, ulikuwa na mikwaruzo iliyozunguka kama mistari ya santuri, na kati ya mikwaruzo hiyo mlikuwa na mabaka ya buluu, mithili ya michubuko mwilini mwa mtu aliyepigwa. Hapa na pale zilionekana nyufa nyembamba kama nywele.

"Fundi Badawi," alisema Kavumbi, "keti hapo kwenye sanduku unieleze ulivyokipanda kilima."

Badawi akaketi, akaanza kueleza. Alipofika katikati ya maelezo Kavumbi aliinyosha spana yake akauelekezea mguu wa Badawi wa kushoto. Mguu ule ulikuwa ukikanyaga sakafu na kuachia, ukikanyaga na kuachia, bila ya bwana wake kujua.

"Muuaji ndiye huyo," alisema Kavumbi.

Badawi aliutazama mguu wake kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. Zaidi ya nusu ya umri wake ulikuwa umeishi juu ya kikanyagio cha cherehani, na haukujua namna nyingine ya kukaa juu ya kikanyagio chochote.

"Klachi si cherehani," aliendelea Kavumbi. "Unaikanyaga unapobadilisha gia, kisha unauondoa mguu wako kabisa, unauweka pembeni kama mtu mwenye adabu. Wewe umeupumzisha pale juu miezi yote hii. Sahani haikushika wala haikuachia. Imekuwa ikilisugua gurudumu hili tangu siku ile ya kwanza, na leo kilimani mambo yamekwisha."

"Latengenezeka?"

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, nilipandishe kwenye kerezo, niunyoe uso wake mpaka nifikie chuma kisichoungua. Litapungua unene kidogo, lakini litashika. Ya pili, tulitupe tuweke lingine."

"Ipi bora?"

"Lisipokuwa na ufa wa ndani, nitalikereza, nami nitaweka jina langu hapo. Likiwa nao, sitaligusa. Chuma chenye ufa hakikerezwi. Kitu hiki huzunguka kwa kasi isiyoonekana kwa jicho, na kikipasuka, vipande vyake havitafuti mlango. Vinapita kwenye miguu ya dereva."

Badawi alikuwa bado anayameza maneno hayo alipoingia Abdulhalim. Huyu alikuwa dalali wa mtaa wao, mtu mwenye kofia safi na viatu vinavyong'aa, aliyeuza chochote na ambaye habari ya shida ya mtu ilimfikia kabla shida yenyewe haijakomaa.

"Salaam alaykum, jamaa zangu. Nimesikia motokaa ya Haji imelala."

"Bado hajawa Haji, na haijalala," alisema Badawi.

"Naam, yapumzika, nimeambiwa." Abdulhalim alitabasamu, akaiinamia meza. "Yakhe, hiki ni chuma au ni chapati? Sikiliza. Ninayo moja ya motokaa kama hii, mpya, imo ndani ya karatasi yake ya mafuta. Kwa ajili ya ujirani nitakupa kwa bei ambayo nitaona haya kuitaja mbele ya watu."

"Imetoka wapi?" aliuliza Kavumbi.

"Imetoka sandukuni."

"Na sanduku?"

"Bandarini. Masanduku hupasuka, fundi. Mungu ndiye ayapasuaye."

Kavumbi alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Mimi nafunga chuma kilichoingia kwa mlango. Kilichopita dirishani, mtafutie fundi mwingine."

"Flaiwili haina jina la mtu juu yake," Abdulhalim alimwambia Badawi kwa sauti ya chini. "Jamaldin hatafungua injini atazame. Atapanda, atakwenda, atakushukuru. Fikiri."

Badawi alifikiri. Alifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani, na jioni ile, Mwanabaraka alipomwandalia mkate wa mofa na mchuzi wa papa, aliumega mkate vipande vipande akavipanga ukingoni mwa sahani kama vishikizo, asile hata kimoja.

"Nikilikereza nimelipunguza," alisema hatimaye. "Jamaldin aliniachia gurudumu nene, nami namrudishia jembamba. Hiyo si amana kama ilivyokwenda. Nikilibadili nimempa kitu kisicho chake; hiyo nayo si amana. Kila nigeukiapo, sheria yanikamata shingo."

"Wataka nikujibu, au wazungumza na mkate?"

"Nijibu."

"Mtu akikuletea kanzu yake umpunguzie mikono, nawe ukaiunguza kwa pasi, wafanyaje?"

"Kama pana akiba ya kitambaa, naikata palipoungua, naishona upya. Kisha nampelekea mwenyewe, namwonyesha."

"Humpi kanzu ya mteja mwingine, iliyo safi, ya kimo kile kile?"

"Astaghfirullah! Kanzu ya mtu ni ya mtu."

"Hata kama Abdulhalim aapa kuwa zimefanana?"

Mwanabaraka aliisukuma sahani karibu naye.

"Basi umekwishajijibu. Kulikereza ni kazi ya Kavumbi. Kumwambia Jamaldin ndiyo kazi yako, nayo ndiyo unayoiogopa. Usiisingizie sheria; sheria haijakukosea. Kula, mchuzi wapoa."

Alikula. Mchuzi ulikuwa umepoa kweli, lakini aliona una ladha.

Asubuhi alikuwa Mwembe Tayari kabla Kavumbi hajafungua mlango. "Kereza," alisema.

"Kwanza tulisikilize," alisema Kavumbi. "Kengele nzima huimba. Kengele yenye ufa hukohoa."

Alipitisha waya mnene katika tundu mojawapo la bolti, akalitundika gurudumu kwenye boriti likawa linaning'inia bila kugusa kitu. Akachukua nyundo ndogo. Wakati huo Abdulhalim alikuwa ameshatokea mlangoni, safari hii na mzigo uliofungwa kwa gunia kifuani pake, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Hakuna aliyemkaribisha, wala hakungoja kukaribishwa.

Kavumbi aligonga.

Sauti iliyotoka ilikuwa fupi na nzito, kama ya mtu aliyepiga gunia la unga. Aligonga upande wa pili. Sauti ikawa ile ile. Aligonga mara nyingine, polepole, ameinamisha sikio kama daktari. Kisha akaiweka nyundo mezani.

"Sikupenda kukuambia hivi, Fundi Badawi."

"Lina ufa?"

"Sauti ya kufa. Silikerezi."

Badawi alihisi karakana yote imesogea mbali naye kidogo. Mkewe alikuwa amemwonyesha njia iliyo nyofu, naye ameifuata, na sasa njia yenyewe ilikuwa na ukuta mwishoni. Abdulhalim alikuwa ameanza kufungua gunia lake. Karatasi ya mafuta ilichakarika, na ukingo wa chuma kipya ukachungulia nje, mweupe, laini, usio na doa wala historia.

"Chuma kimesema chenyewe," alisema Abdulhalim kwa upole. "Ulitaka kufanya wema, na wema umekataa. Hapo mtu hana lawama."

Ilikuwa ni hoja nzuri, na Badawi aliisikia ikimwingia kama joto la chai. Alikitazama kile chuma. Aliona motokaa inateremka Kilindini ikinong'ona. Akamwona Jamaldin anaketi, anakunja kanzu yake magotini, anauliza habari za mji. Akajiona mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa kwa miaka iliyobaki, ameketi msikitini bega kwa bega na rafiki yake, na kati ya mabega hayo mawili pana kitu kizito cha mviringo ambacho mmoja anakijua na mwingine hakijui.

"Kifunge," alisema.

"Akifunge Kavumbi?"

"Kifunge guniani mwako, Abdulhalim. Kirudishe kilikotoka."

"Sandukuni?"

"Huko huko. Nitakwenda Kilindini kwa miguu. Nitamwambia: motokaa yako iko Mwembe Tayari, tumbo wazi, nami ndiye niliyeiua. Itangoja chuma cha halali kutoka Ulaya hata kama ni mwaka mzima, na mwaka huo mzima nitakuwa mdeni wako."

Abdulhalim alimtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtu aliyekataa dawa. "Haya. Mashahidi wangu ni haya mabati." Akaukumbatia mzigo wake, akaenda zake, na viatu vyake vikasikika mpaka kona ya barabara.

Kavumbi alilishika gurudumu kwa mikono miwili ili alishushe akalitie katika pembe ya vyuma vilivyokufa. Alilitoa kwenye waya, akaligeuza kifuani, na hapo akasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini tena?"

Kavumbi alilirudisha mezani. Alitia kidole gumba juu ya ile pete ya meno ya ukingoni, akakaza, akasukuma. Tone la mafuta meusi likachomoza mahali pete ilipokutana na gurudumu. Akasukuma upande wa pili. Tone likaingia ndani tena.

Alisimama akiwa ameshika kiuno, na uso wake ukageuka rangi.

"Mimi ni mjinga," alisema Kavumbi. "Mimi ni mjinga mwenye vyeti."

"Kuna nini, fundi?"

"Kule reli, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutembea kando ya behewa na nyundo, nikigonga magurudumu. Kila gurudumu la behewa limevishwa tairi la chuma. Likitoa sauti ya kufa, jambo la kwanza mtu kuuliza si ufa. Ni kama tairi limelegea! Nimeligonga gurudumu la reli mpaka mkono wangu ukaota sugu, na leo limeletwa dogo lake mezani pangu nimelisahau. Hii pete imelegea, Fundi Badawi. Lile joto la kilimani limeitanua. Ndiyo inayokohoa. Huenda gurudumu lenyewe halina neno."

"Huenda?"

"Usinishike kwa neno. Lete ile nyundo ya mti."

Waliigonga pete kidogo kidogo, wakizunguka, mpaka ikachomoka ikaanguka sakafuni kwa kelele. Kavumbi alilifuta gurudumu mafuta, akalitundika tena kwenye waya. Badawi alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua alipogundua kwamba nyundo haijagonga bado, kwa sababu Kavumbi naye alikuwa amefumba yake, midomo ikicheza katika sala fupi ya kwao.

Kisha aligonga.

Gurudumu likaimba. Sauti ilitoka safi na ndefu kama ya upatu wa arusini, ikajaza mabati, ikatoka mlangoni. Muuza maji aliyekuwa akipita na pipa lake aligeuza shingo. Kavumbi aligonga upande wa pili, na likaimba vilevile. Aligonga mara ya tatu bila sababu yoyote isipokuwa raha.

Badawi aliketi chini, palepale kwenye vumbi la chuma, na kanzu yake nyeupe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Kavumbi, ambaye hakuwa mtu wa kucheka siku za kazi, akasema, "Inuka, unanichafulia sakafu," kisha akacheka naye.

Kazi ilikula siku ile nzima. Kavumbi alilifunga gurudumu kwenye kerezo, akalipima unene kila upande, akawasha injini yake ndogo, mkanda ukaanza kuzunguka. Patasi ilipougusa uso ule vumbi jeusi lilimwagika, na baada yake pakatokea ukanda wa chuma cheupe uliokua kutoka katikati kwenda nje. Mabaka ya buluu yakapauka, yakabaki vivuli, yakatoweka. Nyufa zile za nywele zilishikilia zaidi. Badawi alisimama karibu kuliko alivyoruhusiwa.

"Mguu!" alisema Kavumbi bila kugeuka.

Badawi akautazama. Ulikuwa ukienda sambamba na mkanda. Akauzuia kwa kusimama juu yake na mguu wa pili.

Mara ya mwisho patasi ilipopita, nywele zilikuwa zimekwenda pamoja na ngozi ya juu. Lakini Kavumbi hakuridhika na macho yake. Aliupaka uso wote mafuta ya taa, akangoja yakanywewa, akaupangusa ukawa mkavu. "Nipe chaki." Badawi akatoa mfukoni mwake chaki ya kuchoria vitambaa. Kavumbi aliisaga, akaupaka uso wa chuma ukawa mweupe wote. "Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yachore mstari. Chaki haiwezi kuficha siri."

Walikaa wakiutazama ule weupe kama watazamao mwezi mwandamo. Hapakutokea mstari. Kavumbi alipima unene tena. "Nyama bado ipo ya kutosha. Limepungua kiasi cha ukucha. Lingepungua mara mbili ya hapo ningelikataa."

Pete aliitia katika moto wa makaa mpaka ikapanuka, akaiteremsha juu ya gurudumu kwa koleo mbili, ikaketi mahali pake. Nayo ilipopoa ikakaza, akaitilia misumari midogo ya chuma kuishikiza. Aligonga kwa mara ya mwisho. Sauti sasa ilikuwa nzito kidogo, lakini ilikuwa ya kitu kimoja, si ya vitu viwili vinavyogombana. Siku iliyofuata aliirudishia motokaa matumbo yake, akaitilia sahani ya klachi iliyofunikwa gozi jipya, na Badawi akaiendesha kukipanda kilima kile kile cha Likoni, Kavumbi ameketi kando yake na spana mkononi, tayari kuupiga mguu wowote utakaokosa adabu. Motokaa ilipanda bila moshi.

Meli ilipotia nanga Kilindini, umati wa watu ulikuwa umeshajipanga na marashi na makumbatio. Jamaldin aliteremka amekonda, ndevu zimeota mvi ambazo hakuondoka nazo, kichwa kimenyolewa. Badawi alimkumbatia, akamwambia, "Mwenyezi Mungu aikubali hija yako." Kisha, Jamaldin alipounyosha mkono kufungua mlango wa motokaa, Badawi aliuziba mlango kwa mwili wake.

"Haji, usipande kwanza."

"Kwa nini? Imeuzwa?"

Badawi akamwambia yote, palepale, jamaa wengine wakiwa wameshika mabunda ya mizigo. Hakuanzia kilimani. Alianzia Ijumaa ya tatu. Alitaja Makupa, alitaja Kibarani. Alieleza habari za mguu wake na mabaka ya buluu, na unene uliopungua kiasi cha ukucha. Jamaldin alisikiliza bila ya kumkatiza.

"Likoni ulikuwa na shughuli gani?" aliuliza mwishoni.

"Sikuwa na shughuli."

"Hata ya uongo?"

"Hata ya uongo."

Jamaldin alivuta pumzi. "Badawi, mimi nimetoka kuomba nisamehewe yangu, na si machache. Siwezi kuufikisha mguu wangu Mombasa nikakunyima wewe. Umesamehewa." Akaunyosha mkono wake akakishika kidevu cha Badawi, kama walivyokuwa wakifanyiana utotoni kabla ya kugombana. "Lakini kusamehe ni haki yangu, kulipa ni haki yako, wala sikunyang'anyi. Tazama viti hivi."

Alifungua mlango. Viti vya motokaa vilikuwa vimechanika tangu siku za vita, na manyoya ya farasi yalichomoza kama ndevu za mzee asiyejali.

"Umenipunguzia chuma. Niongezee nguo."

Watu wakacheka, na Badawi akacheka kuliko wote, mpaka alipoligusa turubai ambalo Jamaldin alilitaka liwe gamba la viti hivyo. Lilikuwa gumu kama ubao. Sindano ya cherehani ilivunjika mara ya kwanza ilipoligonga. Alilazimika kulishona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, tundu baada ya tundu, uani kwake. Ncha za vidole vyake zilivimba. Mwanabaraka alizifunga vitambaa, akamwambia apunguze kuguna kwa kuwa majirani watadhani anazaa. Hakupunguza mshono. Kila kiti alikipima mara mbili, akakipa pindo la akiba kwa ndani, na migongo ya viti akaitilia tarizi ndogo ya kikombe na ua, jambo ambalo hakuagizwa.

Asubuhi alipomaliza, Jamaldin alikuja kuvikagua. Alipitisha kiganja juu ya kila mshono, akavuta pembe, akabonyeza katikati, asione kasoro. Ndipo alipoketi nyuma kama tajiri, akaegemea, na papo hapo akaruka juu hata kofia yake ikagonga paa.

"Lahaula! Hiki nini?"

Alitia mkono chini yake akatoa shazia, imebaki imechomekwa kwenye turubai, na kipande cha uzi kinaning'inia. Badawi alikuwa amejishika kichwa.

Jamaldin aliinua ile sindano juu, kwenye jua, akaitazama kwa uzito wa kadhi. "Nilikuambia unilipe kilichopungua, Badawi. Tarizi nimeiona, nikanyamaza nikasema ni zawadi. Lakini na hii? Ziada juu ya deni ni riba, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kuhiji. Chukua riba yako."

Badawi aliipokea shazia kwa vidole vyake vilivyofungwa vitambaa, akaichomeka katika kola ya kanzu yake. "Basi tumelipana?"

Jamaldin aliketi tena, safari hii polepole, akiupima uzito wake kila upande. Akaukunja mkono wake juu ya mgongo wa kiti kipya.

"Tumelipana," alisema.